Nimekata maji tu

Wale waliokuja kwangu Idi ya mwaka jana wataikumbuka ile picha ya meli, ile kubwa ya sebuleni juu ya kochi ambayo watoto wa dada yangu walikuwa wanasema inawatia kizunguzungu. Haiko tena. Kila anayeingia sasa anauliza imeenda wapi, msumari umebaki ukutani peke yake, na mimi nimechoka kusimulia nusunusu mlangoni huku mgeni anavua viatu, kwa hivyo naiandika yote hapa mara moja tumalizane.

Niliinunua Nyali, hapa Mombasa, miaka sita iliyopita kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, si unajua wakihama wanatoa vitu vyote nje na kubandika bei. Mimi nilifuata pazia. Pazia zilikuwa zishakwenda, nikatoka na birika la umeme na hiyo picha imekunjwa kama mkeka, yote shilingi mia nane. Siyo mchoro wenyewe jamani, ni nakala iliyochapwa kwenye karatasi nzito, lakini nakala ya maana. Nilipoikunjua nyumbani nikaona bahari imechafuka, mawingu yamejaa mpaka juu, kwa nyuma meli kubwa ya zamani ya matanga, na kwa mbele kichombo kidogo kimelala ubavu kinakaribia kuzama, au hakikaribii, hapo ndipo ugomvi wote ulipokuja kutokea lakini nitafika. Bendera nyekundu, nyeupe, buluu. Uholanzi. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo, jina la mchoraji na mengineyo, nikasema nitayasoma ikishatiwa fremu.

Nikaipeleka kwa fundi fremu mjini, simtaji manake ana watoto, akaniambia njoo Alhamisi, nikaja Alhamisi akaniambia njoo Jumamosi, Jumamosi nikaikuta imekaa ndani ya fremu inang'ara na kioo chake, nzuri wallahi, isipokuwa ilikuwa fupi. Fremu aliyokuwa nayo tayari ilikuwa ndogo kuliko picha, kwa hivyo yeye akakata picha. Vidole vitatu vya chini, maandishi yote yakaenda. Nilivyopiga kelele alinitazama kama mtu anayeonewa, akasema, "Nimekata maji tu dada, si maji ni mengi hayo?" Na kipande chenyewe kiko wapi? Kishafagiliwa.

Basi ikatundikwa, na niseme ukweli, baada ya wiki ya kwanza sikuitazama tena. Picha ikishakaa ukutani inakuwa kama swichi ya taa, unajua ipo na yatosha. Ikakaa hivyo mpaka ami alipokuja.

Ami yangu ni mdogo wake marehemu baba, miaka sabini na kitu, maisha yake yote majahazini, Lamu kuja Mombasa na boriti, Mombasa kwenda Pemba, tangu anafua maji ya ngama, yale yanayojaa chini ndani ya chombo, mpaka akawa nahodha mwenyewe. Anakaa Mtongwe. Mwaka huu alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, akakaa kwangu Tudor wiki tatu kwa sababu dawa ya matone ni mara nne kwa siku na ukimwacha peke yake atakuapia kuwa ametia na chupa haijafunguliwa. Siku aliyofunguliwa bandeji tulirudi nyumbani, nikamkalisha, nikaenda jikoni kuteleka chai. Niliporudi kiti kitupu. Amesimama mbele ya picha, pua yake shibiri moja kutoka kwenye kioo, mikono nyuma kama afisa anayekagua gwaride.

"Ndoo hapa. Upepo huu watoka wapi?"

Nikamwambia ami hiyo ni picha.

"Naona ni picha. N'ambia upepo watoka wapi."

Sikujua. Miaka sita picha iko juu ya kichwa changu na sikuwahi kujiuliza kama ina upepo unaotoka mahali. Akanionyesha kwa kidole, bendera ya tezi, ile ya nyuma, kwenye ile meli kubwa, inapepea kuelekea omo, kuelekea mbele. Mimi hiyo bendera nilikuwa nimeiona siku nyingi na nikadhani mchoraji amekosea, manake bendera za magari ya waheshimiwa zinapepea nyuma. Alicheka sana. Gari linakwenda kwa moto wake lenyewe, akasema, chombo kinasukumwa, na kama kinasukumwa na upepo wa nyuma basi upepo una mbio kukishinda, bendera lazima itangulie. Kwa hivyo upepo unatoka kushoto na ile meli inakimbia nao. Halafu akahesabu foromali, zile fito zinazobeba matanga, akaona karibu zote zimekunjwa matanga yake, limebaki moja la mbele tu la chini. "Nahodha huyu ana akili. Huyu alianza kupunguza zamani, wingu liko mbali." Alisema hivyo kwa heshima kabisa, kama anamsifu mtu wanayejuana.

Kisha akashuka kwenye maji. Hapo alikaa dakika kumi nzima na chai ikapoa. Akauliza bahari gani hini rangi ya chai ya maziwa, kwani kuna mto umemwaga hapo, kama kule Malindi Sabaki ukifurika? Akauliza kwa nini mawimbi yamebanana hivi, limesimama moja halafu jingine liko hapohapo mgongoni mwake. "Haya si maji ya nje. Maji ya nje wimbi ni refu, lakupandisha pole, lakuteremsha pole. Haya ni maji ya kugusa tope. Hapa chini i karibu." Akasema ni kama mlangoni kwenye mwamba, pale wimbi linapotoka kwenye kina na kukuta sakafu, linapunguza mbio, la nyuma linakuja kulibana, halina pa kwenda ila juu.

Sasa hili ndilo lililonifanya nilale saa nane usiku na simu. Nilinunua bando la shilingi hamsini nikaingia intaneti, na kweli! Waholanzi walikuwa na bahari yao ya ndani, Zuiderzee, imeingia katikati ya nchi mpaka Amsterdam, na kina chake kwa wastani ni mita nne au tano tu. Nne au tano! Mwisho walikuja kuiziba kwa ukuta wa kilomita 32 mwaka 1932 na ikageuka ziwa. Na pwani yao nyingine yote ni mafungu ya mchanga na tope. Mzee hajawahi kufika Ulaya, shule aliacha darasa la nne, jicho moja lina siku moja, na amepima kina cha bahari ya watu kwa kutazama karatasi ya kuchapwa.

Tena alikuwa ameona kitu kingine. Kile kichombo kidogo cha mbele kina bao kubwa limening'inia ubavuni kama sikio la ndovu. Mimi nilidhani ni mlango umeng'oka. Ami alilizunguka sana lile bao, akasema si mrengu, lile gogo la pembeni la ngalawa, kwa sababu mrengu ungekaa mbali na chombo, na wala si la kuzuia maji yasiingie. Nikamtafutia. Vyombo vyao vidogo vilikuwa na tumbo bapa, havina mkuku wa maana, ule mti wa chini kabisa ulio uti wa chombo, ili maji yakipwa vikae juu ya tope bila kupinduka, lakini chombo cha tumbo bapa kikipata upepo wa ubavuni kinasukumwa tu pembeni kama sahani, kwa hivyo wanashusha bao upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, likamate maji. Ubavu wa pili kuna bao jingine, wakigeuka wanapandisha hili wanashusha lile. Nilipomsomea asubuhi alinyamaza kidogo, akasema, "Ahaa. Mkuku wa kufunga na kufungua." Siku nzima alikuwa na furaha kama aliyepata barua.

Lakini nimeruka. Kabla ya hapo, ile jioni ya kwanza, aliwatazama watu. Kichomboni mna watu watatu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Mmoja yuko nyuma amekumbatia usukani kwapani. Wa pili yuko kwenye mlingoti anavuta kamba, na tanga lake limelegea, nusu limejaa upepo nusu linapiga. Wa tatu inaonekana kofia tu, "au yuwafua maji au yuwaomba," akasema ami. Na kwa mbele yao, chini kabisa pale fundi alipopitisha kisu, maji yamegeuka meusi. Mimi niliuchukua ule weusi kuwa pambo, kivuli cha kufanya picha ipendeze. Ami akasema la, maji yakigeuka meusi namna ile ndipo kishindo cha upepo kinapokuja, unakiona juu ya maji kabla hakijakupiga, baharia yeyote anakijua, na hawa kimeshawafikia omoni.

Akavua miwani. Akasema, "Huyu aliyechora alirowa."

Nikamuuliza vipi. Akasema mtu aliyesimama nti kavu hawezi kuchora hivi. Ukiwa juu pale Lighthouse unakula mihogo, wimbi ni mkeka, unaliona mgongo. Huyu amekaa chini, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu ameuweka chini kabisa na mbingu imechukua picha karibu yote, ndivyo anavyoona mtu aliye ndani ya mashua. Na mimi hapo nikakumbuka picha zangu zote za simu za wakati wa kusi, Julai, mawimbi yanapasuka kwenye miamba mpaka matone yanafika barabarani, na ukija kutazama kwenye skrini ni kama beseni limetikiswa. Nilikuwa nailaumu kamera.

Basi nikaanza kutafuta huyo aliyerowa ni nani. Jina halipo, ninalo neno la ami tu, lakini mwaka 1600 na kitu Uholanzi ilikuwa imejaa wachoraji wa bahari kama vile Mombasa ilivyojaa wauza viazi karai, na karibu kila niliyemsoma ana stori ya kurowa.

Wa kwanza, Hendrick Vroom wa Haarlem, huyo alirowa hasa, chombo chake kilivunjika pwani ya Ureno akanusurika, na alipopata nguvu akaichora ile dhoruba, watu wakaipenda, ikawa ndiyo kazi. Picha zake ni za rangi kali, meli kubwa za fahari. Halafu akaja Jan Porcellis, mzaliwa wa Ghent, ambaye mwaka 1615 mambo yake yalikuwa yameenda mrama kabisa, amefilisika, akaweka mkataba na fundi wa mapipa kule Antwerp achore picha 40 za vyombo kwa wiki 20. Mbili kila wiki! Ukipita nje ya Fort Jesus pale panapouzwa michoro ya twiga na Wamasai unaweza kudhani mikataba ya aina hiyo bado ipo. Lakini huyohuyo wa picha mbili kwa wiki ndiye aliyekuja kuacha meli za fahari na rangi za kung'ara, akachora vyombo vidogo vya wavuvi kwenye maji ya kijivu na hudhurungi, na mbingu tele. Yaani ile rangi ya chai ya maziwa ndiyo alama yao, na wala haikuwa umaskini wa rangi, ndiyo bahari yao ilivyo.

Kuna Willem van de Velde mkubwa, tuseme baba, kwa sababu mwanawe ana jina hilohilo. Baba alikuwa anafuata manowari vitani ndani ya chombo kidogo, anachora palepale huku mizinga inalia. Mwaka 1666 Waholanzi na Waingereza walipigana siku nne mfululizo baharini na yeye yupo hapo katikati na karatasi zake. Mwanawe alikuwa fundi wa rangi. Kisha 1672 Uingereza na Ufaransa zikaivamia Uholanzi kwa pamoja, biashara ikafa, nani atanunua picha wakati huo, na unajua walifanya nini hawa baba na mwana? Walihamia London. Kwa adui! Na mfalme Charles wa Pili akawapokea, akawapa kila mmoja pauni 100 kwa mwaka, baba achore vita vya baharini na mwana atie rangi. Nilipomsomea ami hapo alicheka mpaka lile jicho likatoa machozi, nikamkemea manake daktari alisema asilitie maji.

Mwana ndiye aliyechora ile iitwayo kwa kwao De Windstoot, meli moja imepigwa na upepo wa ghafla imelala, iko makumbusho ya Rijksmuseum Amsterdam. Niliifungua kwenye simu ami akaitazama, akaipokea simu, akaipanua kwa vidole viwili kama vijana, akasema nzuri lakini yetu ina watu. Yetu!

Ila mimi ninayemshuku ni Ludolf Backhuysen. Huyu alitoka Emden, Ujerumani ya sasa, akaja Amsterdam kuwa karani kwa wafanyabiashara, anasifika kwa mwandiko mzuri tu, akaanza kuchora meli kwa ileile kalamu ya ukarani. Mwandishi Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Kiholanzi, anasimulia kuwa bahari ikichafuka Backhuysen alikuwa anakodi mashua apelekwe nje kabisa ayaone mawimbi, halafu akirudi anakimbia nyumbani bila kuzungumza na mtu, asije akasahau, anachora. Nilipofika hapo nilimwamsha ami. Saa tano usiku. Nikamwambia ami, alirowa kweli, imeandikwa. Akasema, "Si nalikwambia," akageukia ukutani akalala.

Katika kutafuta huko nikakutana na ya Rembrandt pia, ambaye bahari aliichora mara moja tu maisha yake yote, 1633, Nabii Isa na wanafunzi wake ndani ya chombo kwenye ziwa la Galilaya na dhoruba imewavamia, watu 14 ukiwahesabu, na mmoja wao ni Rembrandt mwenyewe, amejishika kofia, anatutazama sisi. Hiyo picha iliibwa usiku wa Machi 18, 1990, kwenye makumbusho ya Isabella Stewart Gardner kule Boston, wezi wawili waliovaa kama polisi, wakaikata kwa kisu kutoka kwenye fremu, na mpaka leo haijaonekana. Fremu tupu wameiacha palepale ukutani. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma fundi wangu, yeye angalau alikata maji.

Siku ya kurudi kwa daktari tulimaliza mapema nikampitisha Ngomeni, Fort Jesus, alikuwa hajaingia tangu ujana wake. Ningeweza kuandika mengi ya Ngome lakini mnaijua, nitasema mawili tu. Kuna ule ukuta ambao askari wa Kireno walichora meli na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Ami aliutazama kwa lile jicho jipya, nikasubiri aniambie upepo unatoka wapi. Akasema tu, "Hawa walikuwa wakingoja meli." Na kuna vitu vilivyotolewa chini ya maji, vya ile meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama hapo mbele ya Ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Ngome, wapiga mbizi walifanya kazi hapo kuanzia 1977. Hapo alisimama muda mrefu. Akaniuliza hawa Waholanzi wenye meli nzuri hivyo, mbona hawakuja huku kwetu? Nilikuwa na jibu, manake nilishalisoma: walijaribu kuinyakua ngome ya Wareno pale Kisiwa cha Msumbiji 1607 na tena 1608, wakashindwa zote mbili, halafu kuanzia 1611 mabaharia wao wakagundua kuwa ukishapita ncha ya Afrika Kusini ukateremka zaidi kusini kuna pepo za magharibi zinakusukuma moja kwa moja mashariki, ndipo unapanda kwenda Java. Wakatupita mbali. "Walipata pepo zao," akasema, kama vile jambo limekwisha.

Wiki tatu zikaisha. Asubuhi ya kuondoka begi lake liko mlangoni na yeye amesimama mbele ya picha. Hakuomba, ami haombi kitu, lakini alisema, "Na kule kwangu ukuta ni mtupu." Sasa wewe ungefanyaje?

Kuvuka Likoni na picha ya kimo kile ni kazi. Nimeishika mimi mbele, kijana mmoja akanisaidia nyuma, feri imejaa, kila mtu anaitazama. Mama mmoja na mafurushi yake ya mboga akaniuliza ni shilingi ngapi. Mwingine akasema Allah atuepushe, mtu na akili zake anaingiaje na picha ya meli zinazozama ndani ya feri, ebu igeuzeni. Na kweli tukaigeuza, tukavuka na mgongo wake. Ami akanung'unika njia nzima kwamba hakuna chombo chochote kinachozama pale.

Hapo ndipo kwenye ugomvi. Imetundikwa kwenye chumba chake cha mbele, imeelekea mlango, ili walioko barazani waione mlango ukiwa wazi, na mlango uko wazi tangu alasiri mpaka magharibi. Wazee wenzake wanakuja kunywa kahawa, na swali ni moja tu, yule wa pili, yule wa kwenye mlingoti anayevuta kamba, anatua tanga au anatweka, yaani analishusha au analipandisha?

Ami anasema anatua, na amechelewa. Alipaswa kutua pale maji yalipoanza kuwa meusi, akasubiri, akaona aibu labda kwa sababu ile meli kubwa inamtazama, sasa tanga linapiga na kamba imekaza na chombo kimelala. Jirani yake, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye matishali, vile vyombo vya kupakulia shehena, bandarini Kilindini, anasema hapana, anatweka. Hoja yake ni kwamba wangekuwa hawana tanga kabisa usukani usingeshika, chombo bila tanga ni gogo, wimbi la ubavuni linakipindua, kwa hivyo walikuwa wametua wakaona mambo yanaharibika zaidi, sasa wanapandisha kiasi kidogo wapate mwendo wa kukigeuza. Tena yule wa nyuma ameukumbatia usukani, angeukumbatia wa nini kama hawaendi popote? Mimi hii hoja iliniingia, nikasema ni kweli, ami akanitazama kwa yale macho mawili mazima niliyoyagharamia mimi, sikurudia.

Nikawaletea ushahidi kutoka kwenye simu, kwamba meli zao kubwa hazikuweza kufika Amsterdam na mzigo kwa sababu maji ni haba, zilikuwa zinatia nanga nje kule Texel, vichombo vidogo kama hiki ndivyo vilivyokuwa vinabeba shehena na watu kwenda na kurudi. Mzee wa matishali akapiga paja. Si nimewaambia! Ni tishali hilo, hao wako kazini, mtu aliye kazini hatui tanga kirahisi. Ami akasema mtu aliye kazini ndiye anayezama. Kukawa kimya kidogo pale, kuna majina kila mmoja alikuwa anayafikiria na hakuna aliyeyataja, mpaka yule anayemimina kahawa akagonga vikombe vyake.

Kuna mmoja alipendekeza jibu labda lilikuwa kwenye kile kipande kilichokatwa. Wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia kile kilikuwa maji tu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda na halwa. Mlango wazi, barazani hakuna mtu bado, ami yuko ndani kwenye kiti, amekivuta karibu na ukuta, miwani iko puani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, ingia, ketia hapo."

"Vipi, katua?"

"Bado," akasema, hakugeuka. "Yuwavuta."